Ufagio wa Shimo la Mwisho

Katika Mpanda nzima hakuna anayeujua mchezo wa gofu kuliko mimi, Esteria. Mpira wenyewe sijaupiga, hilo nikiri mapema. Siku moja tu nilijaribu, wenyewe wakiwa wamekwenda kula. Nikaukosa mpira, nikaupata ugoko wangu, nikachechemea mpaka Pasaka. Lakini nimefagia, na anayefagia anaona mengi kuliko anayecheza.

Uwanja wetu uko nje ya mji, upande wa machimbo ya zamani. Waliochimba walituachia mashimo ya namna mbili: yale makubwa waliyotolea madini, na haya madogo tisa ya kuingizia mpira. Wachezaji wakizunguka mara mbili yanakuwa kumi na nane, hesabu imeisha. Nyasi laini kama zile za kwenye televisheni hapa hazikai, jua linazimaliza. Kwa hiyo pale penye bendera tunatandaza mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, unashikana, unakuwa mweusi na laini. Wenyewe wanapaita brauni. Ubaya wake ni kwamba hata kunguru akitembea juu yake anaacha alama, na alama inapindisha mpira. Ndiyo maana lazima pafagiliwe kila siku asubuhi, na brauni ya shimo la mwisho ni yangu tangu marehemu mume wangu, Lyamba, akiwa mlinzi hapo.

Lyamba amezikwa kwenye shamba letu la mihogo, hatua mia mbili kutoka klabu. Nasema shamba letu, lakini ardhi ni ya klabu. Tulipewa tukae tu, kwa mdomo, na yule aliyetupa kwa mdomo naye ameshakufa. Hapo pana nyumba yangu ya vyumba viwili, kaburi, mihogo, na matuta ya mchicha. Nikiondolewa hapo sina pengine. Kijijini Mamba nilikozaliwa, waliobaki hata jina langu hawalijui.

Basi mwezi wa tano akaja Anicet.

Anicet ni kijana wa huku huku, wazazi wake walitoka Burundi wakalimia milima ya Mwese, yeye akaenda mbali akasomea kutengeneza viwanja vya gofu. Nilipoambiwa kuna shule ya kusomea mashimo nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuja kwa sababu mashindano makubwa ya kanda yangechezwa kwetu mwezi wa tisa, na kamati ilikuwa inalionea aibu shimo letu la mwisho. Kwa kweli lilikuwa la aibu. Fupi, limenyooka, bendera iko nyuma ya choo cha wanaume.

Alinikuta nikifagia. Akachuchumaa, akashika mchanga, akanusa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unanusa nini, kwani ni mboga?"

Akacheka. Tangu hapo tukawa marafiki, na ndiyo maana hadithi hii inanikaa vibaya kifuani.

Nilimuuliza, "Haya wewe msomi, shimo la mwisho lina nini cha ajabu? Si shimo kama mengine?"

"Hapana, Bibi. Mengine yote mtu anaweza kukosea akarekebisha mbele. Hili halina mbele." Akachora kwa kijiti kwenye brauni yangu niliyomaliza kuifagia, nikamtazama, akafuta kwa kiganja. "Tuseme wewe unaongoza kwa pigo moja, na mimi niko nyuma yako. Shimo likiwa rahisi, wewe umeshashinda, watu wanaanza kwenda nyumbani. Likiwa gumu tu, ugumu wa kikatili, wote tunapiga kwa woga, hakuna anayethubutu. Shimo zuri lina njia mbili. Moja ya salama, ndefu, inakula pigo. Nyingine fupi, ya hatari. Na linamuuliza mtu swali mbele ya watu wote."

"Swali gani?"

"Unajiamini kiasi gani? Na lazima ujibu. Huwezi kusema nitajibu kesho."

Halafu akasimama, akaangalia pande mbili. Upande mmoja lilikuwa bwawa la mgodi, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo za matope, magugu yamesimama kimya. Upande wa pili lilikuwa shamba langu.

"Kuna sehemu mbili tu zinazofaa," akasema, sauti ikapungua. "Juu ya bwawa, au kushuka kwenye mteremko ule wa mihogo. Mimi nalitaka bwawa, ndilo lenye swali. Ila kamati imesema kitu kimoja. Kama bwawani kuna mnyama, basi shimo linapita kwako, Bibi. Wewe unakaa hapa muda wote. Kuna kiboko mle?"

Sasa nyie mnaosoma mjue ukweli ambao Anicet hakuujua. Kiboko alikuwemo. Alifika mwezi wa tatu na mafuriko, dume mmoja, peke yake, sikio la kushoto limechanika. Madume ya namna hiyo ni yale yaliyopigwa na wenzao yakafukuzwa kundini, na mtu yeyote wa huku atakwambia kwamba kiboko wa peke yake ndiye wa kuogopa, maana ana hasira na hana wa kumpa. Mchana anazama, huoni hata pua. Usiku anatoka kula nyasi. Kufika alfajiri amesharudi, na kinachobaki ni nyayo zake za vidole vinne, na mavi yake, ambayo anayatawanya kwa mkia kama mtu anayepaka ukuta rangi kwa hasira.

Nyayo ziko juu ya mchanga. Na mchanga nafagia mimi.

"Kiboko ninachokijua mimi," nikamwambia, "ni cha mwalimu Theopista wa darasa la pili, na kilivunjikia mgongoni kwangu."

Anicet akacheka mpaka machozi. Akaandika kwenye daftari lake: hakuna mnyama.

*

Walitengeneza brauni mpya ng'ambo ya bwawa, chini kidogo ya klabu, ili watu wakikaa barazani waone kila kitu. Mchezaji anasimama upande huu. Akiwa mwoga anapiga kushoto, anazunguka ukingo mzima, anafika kwa mapigo manne. Akijiamini anapiga juu ya maji moja kwa moja, na pigo likikubali anaweza kumaliza kwa matatu. Lilikuwa shimo zuri, nasema kweli. Hata mimi nisiyecheza nilikuwa nikisimama pale najiuliza ningepiga upande gani.

Na kila asubuhi niliamka kabla ya wote, nikafagia nyayo. Mavi niliyazoa kwa koleo, nikayatia kwenye gunia, nikayamwaga kwenye rundo nyuma ya matuta yangu. Ukiyatupa hovyo yataonekana; ukiyarundika kwenye bustani ni mbolea. Mchicha wangu ukakua kama unalipwa. Majani mapana kama sahani. Wake za wanakamati walikuwa wanakuja kununua wakisema, Bibi Esteria una mkono wa baraka. Nikawa naitikia amina.

Mngeniuliza kwa nini sikuwaita watu wa wanyamapori. Wangekuja na gari, wangeandika, kamati ingejua. Kiboko angeondoka, na shamba langu lingeondoka naye. Nilijiambia, kiangazi kikifika maji yatapungua, atahama mwenyewe kwenda Katavi kwa wenzake. Nilijiambia hivyo kila siku nikiwa nimeinama na ufagio.

Maji yakapungua. Hakuhama.

Mwezi wa sita, akiniona alfajiri alikuwa anaingia majini haraka, kwa aibu, kama mgeni aliyekutwa jikoni. Mwezi wa saba alinitazama kwanza ndiyo akaingia. Mwezi wa nane aliendelea kutafuna, mimi ndiye niliyesubiri. Bwawa lilibaki nusu, na yeye akabaki mzima, maji hayatoshi tena hasira yake. Asubuhi moja nikakuta mlingoti wa chuma wa bendera umevunjika katikati.

"Upepo," nikamwambia Anicet.

"Upepo gani wa kuvunja chuma, Bibi? Ulitoka wapi?"

"Kila upande."

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Akaenda kuleta mlingoti mwingine.

Wa pili kunishuku alikuwa Luhende. Luhende ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe zao miaka ile, na alikuwa akinywesha bwawani kabla klabu haijamkataza mwezi wa sita. Alikuja kwangu na fimbo yake mabegani, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, nashukuru wamenikataza."

"Unashukuru kufukuzwa?"

"Ng'ombe walikuwa wameshagoma kunywa pale. Wanafika, wananusa, wanarudi nyuma. Ng'ombe mwenye kiu akigoma maji, kuna kitu kimemwambia."

"Ni oili ya brauni hiyo inawanukia."

"Brauni ilikuwa haijawekwa, mayu."

Nikamkaribisha mchicha. Akaukataa, akaangalia matuta yangu, akaangalia rundo, akaenda zake. Msukuma asiyeaga ni mtu anayehesabu.

Lakini aliyenikosesha usingizi alikuwa Rosine. Huyu ni binti wa jirani yangu, mwalimu sasa huko Kasekese. Alipokuwa mdogo alibeba fimbo za wachezaji, akajifunzia pale pale, akawashinda waliokuwa wakimtuma maji. Ni yeye anayeniletea sukari bila kuombwa. Atakayeshinda mashindano yale alikuwa anakwenda Arusha kucheza ya taifa, na Rosine aliitaka Arusha mpaka akaacha kula vizuri.

Siku mbili kabla ya mashindano, alikuja kufanya mazoezi. Akashuka mpaka ukingoni, akakanyagakanyaga matope.

"Bibi, hapa ni pagumu. Mpira ukipungukiwa ukaangukia hapa, naweza kushuka nikaupiga."

"Usishuke," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yake maji yalikuwa yametulia sana, utulivu ule ambao hata vyura wanausikiliza. Nikaona mapovu mawili yakipanda, moja, halafu la pili.

"Matope yatakuchafulia viatu," nikasema. "Wewe zunguka kushoto, mjukuu wangu. Njia ya salama."

Akacheka. "Ukiwa mbele ndiyo unazunguka, Bibi. Ukiwa nyuma huzunguki."

*

Siku yenyewe watu walijaa. Walikuja wa Mpanda mjini, walikuja kutoka Sumbawanga na Tabora, wauza mihogo ya kukaanga walikuja, kwaya ikaja ingawa haikualikwa. Mimi nilipewa fulana yenye jina la mashindano mgongoni na kuambiwa nikae karibu na brauni ya mwisho na ufagio wangu, nipitishe kila kundi likimaliza. Asubuhi ile nilizoa magunia mawili. Hakuwahi kuacha mengi hivyo. Ni kama alijua kuna wageni.

Mchana ulikwenda salama. Kundi baada ya kundi, makelele, vifijo, mipira sita ikazama majini, na kila mpira ulipotumbukia, plop, nilisikia kama mtu ananigonga mgongoni. Nilikuwa nikihesabu. Wa kwanza ulianguka katikati. Wa sita ulianguka pale pale alipolala, na maji yakasogea kinyume na upepo.

Jua likaanza kulala. Saa kumi na mbili. Ni saa anayoamka kiboko.

Kundi la mwisho likafika: Malale, mfanyabiashara kutoka Tabora, na Rosine. Habari ilikuwa imetangulia mbele yao kwa midomo ya watu. Malale anaongoza kwa pigo moja.

Anicet alikuja kusimama kando yangu. "Unaona, Bibi? Hivi ndivyo linavyotakiwa. Tazama Malale."

Malale alisimama muda mrefu. Akatoa fimbo moja, akairudisha, akatoa nyingine. Watu wakaanza kumtania. "Zunguka, mzee, jua linazama!" Akapiga kushoto. Salama. Watu wakaguna.

Rosine hakutoa fimbo mara mbili. Alitazama bendera, akapiga.

Mpira ukapaa vizuri, mweupe kwenye anga la jioni, watu wote wakainua nyuso kama vifaranga. Ukawa mrefu, ukawa mrefu, ukapungukiwa. Ukaangukia ukingoni upande wetu, kwenye yale matope magumu, hatua tatu kutoka kwenye maji. Haukuzama.

Baraza zima likapiga yowe. Anicet akanishika mkono. "Unachezeka! Akiupiga ukaingia, anashinda hapa hapa!"

Rosine akazunguka bwawa, akawa anashuka, mbio mbio, fimbo moja mkononi. Akafika kwenye mpira, akayapa maji mgongo, akaanza kupanga miguu.

Na mimi nikaziona. Pua mbili, macho mawili, na sikio moja zima na moja lililochanika, vimekaa juu ya maji kama vyombo vilivyosahauliwa kuoshwa. Hakuna aliyeona, wote walikuwa wanatazama mpira.

Basi nikaulizwa mimi swali, na nilikuwa na nukta ngapi sijui. Nikisema kiboko, nimekiri. Kaburi la Lyamba litakuwa njia ya mipira. Nikinyamaza, Rosine. Nyie mngechagua haraka, najua. Mimi nilitafuta njia ya tatu. Nikapiga kelele:

"Nyoka! Rosine, nyoka hapo! Kimbia!"

Akainua kichwa. Akatazama chini, kulia, kushoto. Halafu, mwalimu wa Kasekese huyu, akapiga nyasi na fimbo yake mara mbili, tap tap, akasema kwa sauti, "Nimemfukuza, Bibi, usijali!" Akainama tena kwenye mpira.

Watu wakacheka. Macho yale mawili yakazama.

Yakizama ndiyo ubaya. Maana anakuja.

Sikumbuki kutupa viatu. Nakumbuka nikishuka ule ukingo na ufagio juu, miaka yangu sabini na mbili, nikipiga kelele neno lililokuwa limenikaa kooni miezi mitano. Rosine aligeuka kunitazama mimi, na kugeuka kule ndiko kulikomtoa kwenye njia. Maji yakafunguka. Mdomo ule, mwekundu ndani, meno kama vigingi vya hema. Rosine akaruka, mguu ukapinda, akaanguka juu ya magugu. Kiboko akapita pale alipokuwa amesimama, akaukanyaga mpira ukazama ardhini kama mbegu, akapanda ukingo, akaivuka brauni yangu, bendera ikaenda, akafika kwenye mihogo, akaivunja mstari mzima, akapotelea upande wa mto.

Watu wakaanza kushuka mbio kuja kwetu. Hata kwaya.

Rosine alikuwa hai. Kifundo cha mguu kimevimba kama boga, midomo myeupe. Walimbeba mpaka kwenye kibaraza cha nyumba yangu, maana ndiyo iliyokuwa karibu, na watu wakajaa kwenye uwanja wangu, wakakanyaga mchicha.

Anicet alikuja mbele yangu. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Bibi. Umefagia hapa kila siku. Miezi mitano. Hukuona hata alama moja?"

Watu wote wakanitazama. Kwa mbali niliweza kuona kaburi la Lyamba, lile dude lilikuwa limepita hatua mbili tu kutoka kichwani kwake.

"Sijaona, mjukuu wangu," nikasema, na machozi yalikuja yenyewe, sikuyalazimisha. "Naapa. Huyu amekuja leo. Wanyama wanahama, si unajua kiangazi. Amekuja leo tu."

Nikaona wananiamini. Mama mmoja akanifunika khanga mabegani. Anicet akaanza kutikisa kichwa, akitafuta namna ya kunipa pole.

Rosine, pale alipolazwa, akasema polepole, "Lakini Bibi aliita nyoka kabla hajatoka."

"Niliona nyasi zinatikisika," nikasema. "Nikadhani ni nyoka."

Wakakubali na hilo.

Luhende naye alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya matuta, karibu na rundo langu, ameazima jembe langu ukutani. Akalipiga rundo mara moja, katikati, likagawanyika kama mkate. Akachuchumaa, akachukua kidogo mkononi, akakisugua kwa vidole.

"Mayu, hii mbolea ya nini?"

"Ya ng'ombe. Ya ng'ombe wako, Luhende, si ulikuwa unapita hapa?"

"Ng'ombe anacheua," akasema. "Mavi yake ni laini. Mimi nimekulia humo. Hii ni nyasi nzima nzima, haikutafunwa." Akasimama, akasogea ili Anicet aone pale jembe lilipopasua. Chini kabisa kulikuwa kumekauka na kuwa vumbi jeupe. Juu yake tabaka la kahawia. Juu yake jingine, jeusi kidogo. Na juu kabisa, yale ya magunia mawili ya asubuhi, bado mabichi.

Luhende akahesabu matabaka kwa ncha ya jembe, bila haraka, kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Halafu akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza:

"Leo tu, mayu?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Mkononi nilikuwa bado nimeshika ufagio.